Madigadi ya Haralambie

Sitaki mtu aniambie kwamba Haralambie hakumpenda mkewe. Wanasema hivyo hapa kijijini, hasa wale ambao siku ile walikuwa wamekaa majumbani mwao wakiota moto, na mimi nikiwasikia damu inanichemka. Mimi nilikuwepo. Nati za baiskeli yake nilizishika kwenye kiganja changu hiki, zimejaa grisi, mvua ikininyeshea kichwani. Kwa hiyo wakae kimya, niseme mimi.

Yeye na mimi tulikuwa tunaitana mzazi mwenzangu, kwa sababu siku ya kubatizwa binti yao Ilinca, mimi ndiye niliyemshika mbele ya padri. Kwetu hilo si jambo dogo. Ukishamshika mtoto wa watu namna hiyo, nyumba yao ni yako, unaingia bila kupiga hodi na unagomba humo kama uko kwako. Na mimi, Agripina, kugomba Mungu amenijalia.

Lambie, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mtu wa mpangilio. Akila, anamaliza kwanza ugali wake wa njano, kisha jibini, kisha kitunguu, havichanganyi. Akipanga kuni, unaweza kupigia rula. Enzi za shamba la ushirika alikuwa akizunguka na baiskeli kwenye mashamba ya mizabibu kuangalia ugonjwa wa majani, na siku shamba lilipovunjika, kila mtu alikimbilia chake. Huyu kabeba pampu, yule kang'oa mlango wa zizi, mwingine karudi na dirisha zima pamoja na fremu yake. Lambie alirudi na baiskeli ileile aliyokuwa ameikalia. Tulimcheka sana. “Nimechukua niliyoizoea,” akasema, na hayo yakawa maneno yake ya wiki nzima.

Maana maneno kwake yalikuwa shida. Ukimsalimia asubuhi, jibu unakuja kuliokota jioni. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa mjinga. Alikuwa anapanga neno kama anavyopanga kuni, na akimaliza kulipanga, wenzake wameshahamia habari nyingine.

Na Mungu kwa mzaha wake akampa Eufrosinia. Frosa! Mdomo kama cherehani, kicheko unakisikia mpaka kisimani. Walipooana tulisema hawa watamaliza mwaka kweli? Wakamaliza, na mingine mingi. Frosa alikuwa akisema kwa niaba ya wawili, Lambie akifanya kazi kwa niaba ya wawili, na nyumba ikaenda.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wanawake wa kijiji chetu walianza kwenda Italia kutunza vikongwe vya watu. Leo mmoja, kesho watatu, mpaka tukabaki wazee, wanaume na kuku. Frosa naye akaenda. Alikuwa akiogesha bibi mmoja huko Padova, anamlisha, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Pasaka akipata ruhusa anakuja, analala siku chache, anafua kila kitu mpaka mapazia, anaondoka. Ilinca naye alipokua akamfuata mama yake, akaolewa hukohuko.

Lambie hakulalamika hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, hakulalamika.

Sasa lazima niwaambie habari ya madigadi, la sivyo hamtaelewa kitu. Udongo wetu huku kwenye nyika ya Bujak ni mweusi na mnono, mzabibu unaupenda, lakini ukilowa ni gundi. Baiskeli yenye madigadi haiendi. Matope yanapanda na tairi, yanajazana chini ya madigadi, yanashindiliwa humo mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kwa hiyo kila mwanamume mwenye akili timamu huvua madigadi yake sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, baridi inapoanza, siku wachungaji wanapoteremsha kondoo, na kuyarudisha sikukuu ya Mtakatifu Georgi, matope yanapokauka. Na majira yote ya baridi wanaume wetu wanatembea na mstari wa matope mgongoni, kutoka makalioni mpaka kwenye kofia. Ndiyo alama yetu. Hata huko mjini wakiuona wanasema, haa, huyu katoka kwetu.

Ule mstari ndio Frosa alikuwa akiusugua miaka yote. “Nimeolewa na mgongo,” alikuwa akisema, “uso wake sijauona vizuri bado.” Na Lambie alikuwa akicheka kimoyomoyo, mabega tu yanatikisika.

Mwaka ninaousema, Frosa alikuja mwezi wa Novemba. Mama yake alikuwa amefariki, na alikuja kwa ajili ya arobaini. Tulipika ngano ya marehemu, tukagawa mikate na mishumaa, tukalia kidogo, tukanywa mvinyo kidogo. Siku moja kabla hajaondoka tulikuwa wawili tu jikoni kwake, tunamenya matunda ya kupika jemu, yale madubwana magumu ya manjano yanayovunja visu. Akaniambia bila kuinua macho.

“Mwenzangu, safari hii nikienda sirudi.”

“Acha utani.”

“Si utani. Yule bibi amekufa. Ilinca amezaa, anataka nikae naye kule. Nimechoka, Agripina. Nimechoka kuwa mgeni nyumbani kwangu. Nakuja, nafua, naondoka, na miaka yote hii yule mtu hajawahi kuniambia hata mara moja: baki.”

“Wewe unamjua Lambie.”

“Namjua. Ndiyo maana sitaki hotuba. Nataka neno moja tu. Aniambie baki, nakuapia kwa kaburi la mama yangu, nalishusha sanduku langu. Asiposema, nitajua. Na usimwambie! Nikilisikia kwa kuwa wewe umemfundisha, litakuwa lako, si lake.”

Nikamwambia sawa, simwambii. Jamani, mimi na siri! Nililala nayo kama mtu aliyemeza jiwe.

Asubuhi trekta la jirani yetu Kostea likapita kukusanya watu na mizigo, kwa sababu basi dogo la Italia haliingii kijijini wakati wa matope, linasubiri kule kwenye lami, njia panda, penye msalaba na kisima. Enzi hizo simu zilikuwa posta tu, hakuna cha kumpigia mtu. Ukishindwa kusema mdomoni, ndiyo basi.

Frosa akatoka na koti lake jeupe, koti la Italia, ukilitazama tu unaogopa kulichafua. Lambie akabeba sanduku, akaliweka kwenye tela, akalifunga kwa kamba, akalikagua fundo, akalikagua tena. Frosa akakaa juu ya mzigo akimtazama. Hakumwondolea macho. Trekta likanguruma. Lambie akafungua mdomo, mimi roho juu.

“Shika vizuri,” akasema.

Trekta likaenda.

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, nilitafuta kwa macho kitu cha kumpigia. Nikaingia kwangu, nikazunguka jikoni, nikamwaga maji, nikasema Frosa anisamehe lakini hili mimi silimezi. Nikarudi kwake mbio. Nimkute wapi? Kibandani, amepiga magoti nyuma ya baiskeli, spana mkononi.

“Wewe Lambie! Unafanya nini?”

“Nafunga madigadi.”

“Mkeo ameondoka!”

“Najua. Namfuata.”

“Unamfuata na madigadi? Novemba? Hivi uko sawa kichwani?”

Akakaza nati yake kwanza. Akapangusa mikono. Ndipo akajibu.

“Akipanda kwenye keria bila madigadi, koti lake litaharibika.”

Nikaangalia. Kwenye keria alikuwa amefunga mto mdogo, ule mto wa kitandani kwao, ameuzungushia nailoni usilowe. Mungu wangu. Alikuwa anakwenda kumrudisha. Kila kitu alikuwa ameshakifikiria, mahali pa kukaa, mahali pa sanduku, koti. Nilijikuta nalia na kucheka kwa pamoja, nikaketi juu ya ndoo.

“Sasa utamwambia nini ukimfikia?”

“Nitamwambia.”

“Nini?”

“Abaki.”

Na mimi sikuwa nimemwambia! Mbele za Mungu, sikuwa nimemwambia neno. Limetoka kwake mwenyewe. “Sema basi nisikie,” nikamwambia, “fanya kama mimi ndiye Frosa.”

Akanitazama, akalitazama tairi. “Baki,” akaliambia tairi.

“Vizuri. Sasa kimbia, mwanamume wewe! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.”

“Haraka haraka haina baraka,” akasema, akajaribu breki.

Mimi nilikuwa na fuko la jozi, zile njugu za ganda gumu, na jibini la kumpelekea dada yangu kule Italia kwa basi hilohilo, nikalichukua, nikamfuata kwa miguu. Mpaka mwisho wa kijiji ni kokoto, akanipita, akaenda vizuri, mgongo umenyooka, suti yake ya arusi mwilini. Nikasema Mungu yupo. Kisha nikavuka kinu cha zamani, njia ikashuka bondeni, na huko chini nikamwona amesimama.

Gurudumu la nyuma halizunguki. Matope yamejaa chini ya madigadi, yamekaza kama saruji, na yamechanganyika na mabua ya mahindi, maana trekta la Kostea lilikuwa limepita na kuyasaga. Alikuwa anachokonoa kwa kijiti. Kijiti kikavunjika. Akachokonoa kwa spana. Huwezi kuyafikia kwa njia hiyo, upenyo ni kidole kimoja.

“Yang'oe hayo madigadi uyatupe mtaroni!” nikapiga kelele nikiwa bado juu ya kilima.

“Lazima nitoe gurudumu,” akasema, kana kwamba ananijibu.

“Basi iache baiskeli! Nenda kwa miguu!”

“Na yeye arudi amepanda nini? Na sanduku lile?”

Ukibishana na mtu kama huyo unapoteza muda wako na wake. Nikaweka fuko chini. “Haya, niambie nishike nini.”

Akaigeuza baiskeli miguu juu, ikasimama kwa kiti na usukani, mto wa Frosa ukaning'inia karibu na matope, nikauzungushia skafu yangu. Nati mbili za ekseli ndizo zinazoshika kila kitu kwenye baiskeli zile: gurudumu lenyewe, mikono ya keria, na vile vyuma vyembamba vya madigadi. Akafungua moja, akanipa. Washa, kile kipete cha chuma cha chini ya nati, akanipa. Akavuta mkono wa keria, kisha chuma cha madigadi. Akaenda upande wa pili, hivyohivyo, kwa zamu yake. Kiganja cha kulia vitu vya kulia, cha kushoto vya kushoto.

“Usichanganye,” akaniambia.

“Kwani vina tofauti gani?”

“Havina. Usichanganye tu.”

Kisha ule mkono wa breki. Baiskeli yake haikuwa na breki za usukani, ilikuwa ya kukanyagia nyuma, na habu yake, kile kitovu cha gurudumu, ina mkono mdogo wa chuma unaofungwa kwenye fremu kwa kibanio na skrubu ya saizi ya punje ya mtama. Akaifungua hiyo skrubu kwa kucha, akaitia mdomoni. Akaondoa mnyororo kwenye gia ndogo, akauning'iniza kwenye fremu. Na bado gurudumu halikutoka, maana kwenye baiskeli zile gurudumu linatoka kwa kurudi nyuma, na nyuma ndiko madigadi yalikokaa. Tairi linakwama kwenye madigadi kama kichwa cha ng'ombe kwenye lango bovu.

“Toa upepo,” nikasema. Hata mimi nilijua hilo.

Akatoa upepo. Tuuuuu, polepole, mvua ikinyesha. Tairi likalegea, akalibana kwa kiganja, akainua madigadi kwa mkono mwingine, na gurudumu likatoka na donge la matope saizi ya mkate wa Krismasi.

Tukakwangua. Nilikwangua kwa kucha, nikakwangua kwa kisu changu cha jibini. Na hapo, akiwa amepiga magoti juu ya nailoni ili asichafue suruali, na skrubu ikiwa shavuni, Lambie akaanza kuongea. Sijui kama kabla ya hapo nilishawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

“Mzazi mwenzangu, nilikuwa nataka kumwambia tangu mara ya kwanza. Tangu ile Pasaka ya kwanza. Nikajiuliza, nikimwambia baki, hiyo baki ndani yake ina nini? Jiko la kuni. Matope. Mimi. Kule anaoga maji ya moto, anatembea kwenye sakafu. Mtu akikupenda utamwambiaje abaki kwenye hivi? Nikaona ni kumfunga kamba. Nikaona heri nikae kimya, akitaka mwenyewe atasema.”

“Na yeye anasubiri wewe useme.”

“Ndiyo nimeelewa leo. Alivyokuwa ananitazama pale kwenye tela.”

“Mngekuwa watoto wangu ningewachapa wote wawili,” nikamwambia, na nilikuwa nalia wazi sasa, sikujificha.

Ilibidi kurudisha. Nikamsihi tena aache madigadi nje, ayafunge kwenye usukani, ayabebe shingoni, popote. Akakataa. Akainua madigadi, akapitisha tairi lililolegea, akalisukuma gurudumu mbele mpaka mnyororo ukashika gia, akalivuta nyuma mpaka mnyororo ukakaza sawa. Chuma cha madigadi, mkono wa keria, washa, nati. Akachungulia kwa jicho moja kama gurudumu limekaa katikati. Halikukaa. Akalegeza. Akachungulia tena.

“Limenyooka, Lambie!”

“Bado linagusa upande.”

“Liguse! Liache liguse!”

Akapima tena. Mimi nilikuwa nasikia basi masikioni mwangu, ingawa halikuwepo. Hatimaye akakaza, kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia tena. Akatoa skrubu mdomoni afunge ule mkono wa breki, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Skrubu ikaanguka.

Lo! Nilidhani nitazimia. Matope meusi, skrubu nyeusi.

“Twende bila hiyo,” nikasema.

“Bila hiyo, nikikanyaga breki habu yote inageuka, nati zinalegea, gurudumu linachomoka.”

“Usikanyage breki!”

“Njia ya kurudi kuna mteremko. Nimpakie mtu kwenye baiskeli isiyo na breki?”

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa kuwa sahihi. Tukapapasa pale chini kama kuku wawili. Niliipata mimi, imeganda kwenye kisigino cha kiatu chake. Akaifunga. Akapiga pampu mpaka tairi likawa gumu. Akajipangusa mikono kwenye majani, akapanda, akaniambia asante, mzazi mwenzangu, kwa utulivu kabisa, akaenda. Nilimtazama mgongo ukipanda kilima, msafi, hauna hata tone. Madigadi yalikuwa yanafanya kazi yake.

Nilimkuta tena karibu na lami. Gurudumu lilikuwa limekwama upya, na safari hii hakutoa spana. Tulilisikia basi linanguruma pale njia panda. Akaweka baiskeli begani, nzima, madigadi, keria, mto na yote, akakimbia. Sijapata kumwona Lambie akikimbia, si kabla wala baadaye. Nikakimbia nyuma yake na fuko langu, jozi zikimwagika njiani.

Basi lilikuwa bado lipo! Injini inawaka, watu wote wameshaingia, dereva amekaa, lakini mlango uko wazi na Frosa amesimama chini, kwenye matope, na koti lake jeupe. Alikuwa anaangalia njia yetu. Baadaye waliokuwemo walinisimulia kwamba alikataa kupanda, kwamba alikuwa anamwambia dereva “kidogo tu, kidogo tu”, na abiria wakaanza kumtukana.

Lambie akashusha baiskeli mbele yake. Kifua kinapanda na kushuka. Begani kote na kifuani kumejaa matope ya baiskeli.

“Umefunga madigadi,” akasema Frosa.

“Nimefunga.”

“Novemba.”

“Ndiyo.”

Frosa akautazama mto. Akautambua. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona machoni: akamzunguka Lambie, polepole, akasimama nyuma yake, akauangalia mgongo. Akaupitisha kiganja, kutoka juu mpaka chini.

“Msafi,” akasema.

Akarudi mbele. Akasimama. Hakusema kitu, yeye, Frosa, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani. Alikuwa anampa nafasi. Nami nikamwona Lambie anaanza kulipanga lile neno. Niliona kabisa linatoka kifuani, linapanda. Nikakunja ngumi. Sema, mwanaharamu wewe, sema.

Dereva akapiga honi. “Dada! Mpakani kuna foleni mpaka kesho! Unapanda hupandi?”

Honi ya pili. Mtu mmoja ndani akapiga ngumi kwenye kioo.

Frosa akavuta pumzi. Macho yamejaa. Akaweka mguu kwenye ngazi, akageuka, akasema kile ambacho kila mtu wetu anayeondoka humwambia anayebaki, neno tunalofundishwa kabla hatujajua kutembea.

“Haya, Lambie. Baki salama.”

Kwetu hilo lina jibu moja. Mtoto anajua, mlevi anajua, mtu aliye usingizini akiambiwa atajibu. Halipitii kichwani, linatoka lenyewe. Lambie, mtu asiyewahi kujibu chochote kwa haraka katika maisha yake yote, alijibu hapohapo.

“Nenda salama.”

Frosa akamtazama kidogo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa. Akapanda. Mlango ukafungwa, basi likaingia kwenye lami, likaenda, na fuko langu la jozi bado nimelishika.

Lambie alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja kwenye keria, juu ya mto. Alisimama hivyo mpaka mlio wa basi ukaisha kabisa. Kisha akanigeukia, na uso ule sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote.

“Mzazi mwenzangu,” akaniuliza, “nimesema nini?”

Nilitaka kumdanganya. Nilitafuta uongo, wa kwanza tu utakaonijia, sikuupata.

“Umemwambia aende,” nikamjibu.